Kabla Hujanunua Mtutu Mpya wa Raifo Yako

Msimu wa uwindaji hufunguliwa Julai 1. Kama raifo yako ya nyati ilitawanya risasi msimu uliopita, ishughulikie sasa. Usingoje wiki ya mwisho ya Juni. Mtutu wa raifo kubwa haununuliwi kama tairi, kwamba unaingia dukani na kutoka nao. Unaombewa kibali, unaagizwa, unasafirishwa, unafungwa na fundi, kisha unajaribiwa. Kila hatua ina foleni yake.

Maelekezo haya ni ya mwenye silaha halali. Huenda wewe ni mwindaji bingwa unayepeleka wageni Rungwa, Kizigo au Muhesi. Huenda unatunza bunduki za kampuni yenye kitalu. Huenda ni mkazi wa Dodoma, Manyoni au Kondoa mwenye leseni yako mkononi. Wote mna kanuni moja: mtutu hufuata kitabu chako cha silaha, hufuata risasi zinazopatikana, na hufuata mwili wa bunduki uliyonayo. Ukianzia pengine, utalipa mara mbili.

Hakikisha kwanza kwamba mgonjwa ni mtutu

Mitutu mingi inayolaumiwa haina kosa. Raifo ya .375 au .458 haipigi risasi nyingi kwa mwaka, na kaliba hizi hazichomi chuma haraka kama zile nyembamba zenye kasi kubwa. Mtutu uliotunzwa vizuri hupiga maelfu ya risasi. Kwa hiyo pima kabla ya kuhukumu.

Hakikisha chemba na magazini havina kitu. Hakikisha tena. Kisha anza na skurubu. Barabara ya vumbi kutoka Itigi kwenda Rungwa ina matuta madogo madogo yanayotikisa gari kutwa nzima, na skurubu za darubini hulegea bila kukuaga. Kagua zinazoshika darubini, halafu zinazofunga bunduki kwenye kitako. Ukikuta moja imelegea, kaza, kapige shabaha tena, ndipo uendelee na mambo ya mtutu.

Kagua kitako chenyewe. Cha mbao hukauka kiangazi na kuvimba masika. Angalia nyuma ya resiva, ule mwili wa chuma unaoshika mtutu, kama kuna ufa mwembamba kama unywele. Kitako kilichopasuka hutawanya risasi hata mtutu ukiwa mpya kabisa.

Kisha safisha mtutu hadi shaba iishe. Tumia dawa ya kuondoa shaba, siyo mafuta ya kawaida. Pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi ya kijani au buluu, shaba bado ipo. Rudia hadi kitoke cheupe. Mitutu mingi "iliyokufa" hufufuka hapo.

Angalia mdomo wa mtutu. Chukua kijiti cha pamba, kile cha masikioni, ukizungushe taratibu kwenye ukingo wa ndani. Pamba ikinasa mahali na kuacha nyuzi, hapo pana jeraha. Jeraha dogo upande mmoja wa mdomo linatosha kupeleka risasi kando. Dawa yake si mtutu mpya. Fundi hukereza mdomo upya, hukata kipande kidogo sana, na kazi imekwisha.

Sasa toa bolti, elekeza mtutu kwenye mwanga, na utazame ndani. Ukiona pete ya kivuli imezunguka mahali pamoja, mtutu umevimba. Mara nyingi ni kwa sababu ulipigwa ukiwa na kizuizi ndani: tope, kitambaa kilichosahaulika, hata kiota cha nyigu. Ukiona vishimo vya kutu ndani ya chemba, na maganda yanagoma kutoka baada ya kupiga, hilo nalo si la kusafisha. Hapo mtutu umestahili kustaafu. Usiupige tena hata risasi moja ya kujaribu.

Anzia polisi, si dukani

Usilipe senti kabla ya kuongea na polisi. Silaha za raia Tanzania zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mtutu si kipuri cha pikipiki. Nenda ofisi ya mkuu wa polisi wa wilaya yako (OCD) ukiwa na kitabu cha silaha na maelezo ya maandishi: aina ya raifo, namba zake, kaliba, sababu ya kubadilisha, na fundi utakayemtumia. Omba jibu la maandishi pia.

Angalia namba iko wapi. Kwenye raifo nyingi namba ipo kwenye resiva, lakini nyingine zina namba kwenye mtutu vilevile. Mtutu ukiondoka na namba yake, rekodi ibadilishwe. Uliza pia mtutu wa zamani ukabidhiwe wapi. Usiuweke stoo ukasahau, wala usimpe mtu.

Ukiagiza nje, kuna kibali cha upande wa pili. Marekani, Uingereza na nchi za Ulaya zinadhibiti sehemu za silaha zinazotoka kwao. Muuzaji makini atakuomba nakala ya kibali chako cha kuingiza kabla hajafunga boksi. Asiyeuliza chochote, muache. Mzigo wake utakwama bandarini, na wewe utakwama nao.

Njia fupi ni kumtumia mfanyabiashara wa silaha mwenye leseni nchini. Atakutoza zaidi, lakini makaratasi ni kazi yake ya kila siku.

Baki kwenye kaliba yako

Hapa ndipo watu hushawishika. "Nilikuwa na .375, kwa nini nisiweke mtutu wa .416?" Kwa sababu kitabu chako kinasema .375. Kaliba ikibadilika, silaha imebadilika mbele ya sheria, na unaanza maombi upya. Mwili wa bunduki nao huenda usikubali: magazini, uso wa bolti na njia ya kulishia risasi vilitengenezwa kwa ganda la kipimo fulani.

Kaliba ya chini kwa wanyama hatari nchini ni .375. Maana yake nyati, simba, tembo na kiboko. Ukiwa na .375 H&H Magnum huna cha kuonea aibu. Holland & Holland wa London waliitoa mwaka 1912, na mpaka leo ndiyo raifo moja inayoweza kumshughulikia nyati asubuhi na pofu jioni. Kichwa chake cha kawaida kina greni 300, karibu gramu 19, na hutoka kwa mwendo wa mita 770 hivi kwa sekunde.

Mwenye .458 Winchester Magnum, iliyotoka mwaka 1956, naye abaki nayo. Hiyo ni ya kazi za karibu: greni 500, vichakani, umbali mfupi. Usitafute mtutu wa kuigeuza raifo ya masafa.

Jambo la mwisho kuhusu kaliba: risasi. Piga simu kwa wauzaji wenye leseni uulize wanazo za aina gani na kwa kiasi gani. Kaliba maarufu huko nje lakini isiyofika nchini ni mzigo. Mgeni akipoteza sanduku lake la risasi uwanja wa ndege, .375 H&H utaipata kwa mwenzako wa kambi ya jirani. Kaliba ya ajabu huipati kwa yeyote.

Msokoto: usiwe mbunifu

Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyosokotwa. Ndiyo inayoizungusha risasi ili iende sawa. Kipimo chake ni inchi ngapi risasi husafiri ili kumaliza mzunguko mmoja.

Agiza kipimo cha kawaida cha kaliba yako. Kwa .375 H&H ni mzunguko mmoja kwa inchi 12. Kwa .458 Winchester Magnum ni inchi 14. Kwa .300 Winchester Magnum, ukiwa nayo kwa ajili ya swala na tandala, ni inchi 10. Vipimo hivi vimefanya kazi miaka mingi na vichwa vya uzito wa kawaida.

Mwambie mtengenezaji utapiga vichwa gani. Vichwa vya shaba tupu, visivyo na risasi nyeusi ndani, ni virefu kuliko vya kawaida vya uzito uleule. Vinataka mtutu wenye vipimo sahihi vya ndani, usiobana. Sentensi moja kwenye barua ya oda itakuokoa.

Omba pia kipimo halisi cha ndani, kutoka sakafu ya mfereji hadi sakafu ya mfereji wa upande wa pili. Kwa .375 kiwe inchi 0.375, yaani milimita 9.53 hivi. Kwa .458 kiwe inchi 0.458, yaani milimita 11.63. Mtengenezaji mzuri huandika kipimo hicho kwenye karatasi bila kusukumwa.

Urefu: pima kwa kichaka chako

Uliza unawinda wapi. Vichaka vya Itigi na sehemu za Muhesi ni vizito. Unapita umejikunja, miiba inashika shati, na nyati anaweza kuwa hatua chache mbele yako. Huko mtutu wa inchi 22 hadi 24 unatosha sana. Mrefu zaidi utagonga matawi wakati unauinua, na sekunde hiyo ndiyo uliyokuwa unaihitaji.

Kwenye mbuga na misitu ya miombo iliyo wazi upande wa Rungwa, inchi 24 au 25 ni sawa. Mtutu mrefu hutulia mkononi na hupunguza kelele kidogo masikioni mwako.

Usiogope kupoteza kasi. Kila inchi unayopunguza huondoa kama mita 6 hadi 9 kwa sekunde. Nyati hatajua tofauti. Wewe utajua tofauti ya kuingia na kutoka kwenye Land Cruiser mara ishirini kwa siku.

Jaribu kwanza kwa raifo ya mwenzako. Funga macho, inua hadi begani, fungua macho. Kama kilengeo cha mbele kiko pale unapotazama, urefu na uzito huo unakufaa. Kama mtutu umeinama au umepaa, tafuta mwingine.

Unene na uzito

Mtutu mwembamba ni mtamu dukani na mchungu begani. Raifo ya .375 ikiwa na uzito wa kilo 4 hadi 4.5 pamoja na darubini, teke lake linavumilika. Ya .458 iongezee nusu kilo. Chini ya hapo utaanza kufumba macho kabla ya kuvuta traiga, na hapo hata mtutu wa dhahabu hautakusaidia.

Mnene sana nao ni tatizo. Utaubeba kutoka saa kumi na moja alfajiri nyuma ya traka, msoma nyayo asiyechoka. Jua la Oktoba halina huruma.

Jibu jepesi: agiza umbo lilelile la mtutu wa zamani. Hapo mtutu utakaa kwenye mfereji wa kitako bila kuchongachonga, na uwiano uliouzoea utabaki. Pima unene sehemu tatu kwa venia: mbele ya resiva, katikati, na mdomoni. Andika umbali wa kila sehemu kutoka kwenye resiva. Tuma vipimo hivyo pamoja na picha.

Chuma gani

Kuna chaguo mbili za kweli. Ya kwanza ni chuma cheusi cha kromu na molibdenamu, kile cha 4140. Ya pili ni chuma cha pua, mara nyingi 416. Vyote hupiga vizuri vikitengenezwa na mtu anayejua kazi.

Ukikaa Dodoma mwaka mzima, chuma cheusi kinatosha. Hewa ya hapa ni kavu miezi mingi. Hatari yako ni masika, kati ya Desemba na Aprili, na jasho la mikono. Kama raifo husafiri kwenda Dar es Salaam au vitalu vya kusini karibu na pwani, chuma cha pua kitakupunguzia wasiwasi. Kitakupunguzia tu. Nacho hupata kutu kikiachwa na maji.

Chuma cha pua kina kasoro moja porini: hung'aa. Omba kiwe na uso uliofifishwa, usiorudisha mwanga. Jua la saa tatu asubuhi likigonga mtutu unaong'aa, kundi zima linajua upo.

Usijisumbue na mabishano ya jinsi mifereji ilivyokatwa. Iwe imekatwa, imesukumwa au imefuliwa kwa nyundo za mashine, jina la mtengenezaji na ukaguzi wake ni muhimu zaidi. Tafuta muhuri wa majaribio ya shinikizo kutoka nyumba ya ukaguzi inayotambulika, mfano London, Birmingham au Liège. Chini ya kanuni za CIP, tume ya kimataifa ya majaribio ya silaha, raifo hupigwa risasi maalumu yenye shinikizo linalozidi kiwango cha juu kwa robo. Kama mtutu unauzwa bila kuchongwa chemba, muhuri wa mwisho hutolewa baada ya kufungwa. Uliza nani atafanya jaribio hilo.

Vitu vilivyoshikamana na mtutu

Hapa ndipo oda nyingi huharibika. Mtutu wa raifo kubwa si bomba tupu. Kaa chini na ule wa zamani, uorodheshe kila kilichomo.

Mosi, kizuizi cha teke. Baadhi ya raifo kubwa zina kipande cha chuma chini ya mtutu kinachoegemea kwenye kitako na kugawana teke na resiva. Mtutu mpya ukija bila hicho, kitako kitapasuka. Hakitapasuka siku ya kwanza. Kitapasuka katikati ya msimu, ukiwa na mgeni.

Pili, vilengeo vya chuma. Darubini hupasuka, huloa, hupotea. Raifo ya wanyama hatari bila vilengeo vya chuma haijakamilika. Taja kwenye oda: kilengeo cha nyuma chenye mfereji mpana, cha mbele chenye tone jeupe linaloonekana machweo.

Tatu, kishikio cha mkanda. Kwa raifo zinazopiga kwa nguvu, kishikio cha mbele kikae kwenye mtutu, mbele ya kitako. Kikiwa kwenye mbao, teke litakisukuma kikuchane mkono wa kushoto.

Usiongeze kipunguza teke cha mdomoni kwa sababu umeona video. Kweli hupunguza teke, lakini hurusha mlipuko pembeni, kwenye masikio ya traka na askari wa wanyamapori waliosimama karibu yako. Hao hawavai vizibo. Bora uongeze uzito kidogo na mpira mzuri kwenye kitako.

Hesi, bolti na ekstrakta

Mtutu hufungwa kwenye resiva kwa hesi. Kila familia ya raifo ina hesi yake. Mauser 98 ina hesi zenye pembe ya digrii 55. Winchester na Remington ni digrii 60, na kipenyo chao hakilingani. "Inaingia kwa kulazimisha" maana yake haiingii.

Angalia pia sehemu ya nyuma ya mtutu. Winchester Model 70 ya zamani ina mdomo wa chemba uliochongwa kama faneli, wenye nafasi ya ekstrakta kubwa, ile ndoano inayotoa ganda. Mtutu wenye uso bapa hautakubali ekstrakta hiyo. Mpe fundi picha za uso wa bolti na nyuma ya mtutu wa zamani kabla hujaagiza.

Kama raifo yako ni ya mitutu miwili, acha kabisa kufikiria kubadilisha mmoja. Mitutu ile imelengeshwa pamoja, ikutane mahali pamoja. Hiyo irudi kwa kiwanda kilichoitengeneza au kwa fundi wa kazi hiyo hasa.

Mtutu uliotumika

Unaweza kununua uliotumika, kwa masharti mawili. Uwe na makaratasi, na upimwe.

Makaratasi kwanza. Raifo za .375 na .458 ndizo zilizotumika sana na majangili wa tembo. Mtutu usio na historia unaweza kuwa kielelezo kilichopotea mahali fulani. Bei ya mtaani itakupendeza. Kesi ya silaha isiyo halali haitakupendeza, na inaweza kuangukia kwenye uhujumu uchumi.

Kisha upime. Fundi husukuma kipande laini cha risasi nyeusi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kwa ufito, taratibu. Mtutu mzuri humpa mkono ugumu uleule njia nzima. Kikisukumika kwa shida halafu ghafla kikawa chepesi, hapo katikati pamepanuka. Kikitoka, hupimwa kwa maikromita. Namba ikipishana na kaliba, mshukuru muuzaji uondoke.

Chagua fundi kabla ya mtutu

Nusu ya ubora iko mikononi mwa fundi. Mtutu wa bei mbaya ukifungwa ovyo ni hatari. Wa bei ya kati ukifungwa vizuri utazikwa nao.

Usimpe fundi wa gereji, hata kama anakereza vyuma vizuri na shafti zake za trekta hazivunjiki. Hii ni kazi ya fundi bunduki anayetambulika kisheria. Muulize maswali matatu. Ana geji za GO na NO-GO za kaliba yako? Ana mashine ya kukereza inayoweza kushika mtutu bila kuupinda? Atakuruhusu uone kazi kabla ya kufunga kitako? Akijibu mawili tu, endelea kutafuta.

Geji hizo si pambo. Kuna nafasi ndogo sana kati ya uso wa bolti na pale ganda linapokamatia. Ikiwa kubwa mno, ganda hupasuka usoni mwako. Ikiwa ndogo mno, bolti haifungi. Kwenye .375 H&H ganda hukamatia kwa mkanda wake wa chini. Kwenye .416 Rigby hukamatia begani. Fundi asiyejua tofauti hiyo asiguse bunduki yako. Bolti ifunge kwenye GO na ikatae kwenye NO-GO. Simama pale uone kwa macho yako.

Usijifungie mtutu nyumbani kwa vaisi na spana ya bomba. Resiva ikipinda kidogo, umepoteza bunduki nzima.

Siku ya kuipokea

Pitisha noti ya elfu moja kati ya mtutu na kitako, kuanzia mbele kurudi nyuma. Kama fundi alisema mtutu umeachwa huru, noti iteleze hadi karibu na resiva, au hadi kwenye kizuizi cha teke. Ikikwama upande mmoja, mbao inasukuma mtutu. Arudie.

Nenda kwenye eneo la shabaha linaloruhusiwa. Risasi ya kwanza ipigwe na bunduki ikiwa imefungwa kwenye mashine, si begani mwako. Kagua ganda: halijavimba, halijapasuka, fataki haijatoboka. Ndipo upige begani.

Anza mita 50, kisha 100. Piga tatu, acha mtutu upoe hadi uweze kuushika, piga tatu nyingine. Kwa raifo ya nyati, risasi tatu ndani ya kiganja cha mkono kwa mita 100 ni kazi nzuri. Usikimbizane na tundu moja. Angalia hasa risasi ya kwanza, mtutu ukiwa baridi. Porini hiyo ndiyo yako.

Kisha jaza magazini uilishe bunduki haraka, kwa ukali, kama mnyama anakuja. Fanya kwa risasi laini na kwa risasi ngumu. Zote ziingie, zote zitoke. Raifo inayopiga tundu moja lakini inayokwama risasi ya pili haina kazi Muhesi.

Mwisho, piga bila darubini kwa vilengeo vya chuma, mita 25 na 50. Andika kwenye daftari: kichwa, uzito, boksi, umbali, risasi zilikoangukia.

Vumbi, joto na mvua

Mtutu mpya uupe maisha. Funika mdomo kwa kipande cha utepe mwembamba wa plasta. Vumbi la kiangazi halitaingia, na unaweza kupiga bila kuutoa, kwa sababu hewa inayosukumwa na risasi hufungua njia kwanza. Usizibe kwa kitambaa wala kizibo kigumu.

Usiache risasi juu ya dashibodi. Joto hupandisha shinikizo, na maganda yatagoma kutoka. Ziweke kwenye begi lenye kivuli.

Safisha kutoka upande wa chemba, ukitumia kielekezi cha ufito. Ufito unaoingizwa mdomoni ndio unaoharibu mdomo. Risasi za zamani sana zenye fataki za chumvi ziogope. Ukilazimika kuzipiga, mwaga maji ya moto ndani ya mtutu jioni ileile, kausha, paka mafuta.

Usihifadhi raifo ndani ya ala ya ngozi au sponji. Vyote hushika unyevu. Iweke kavu, kwenye kabati la chuma lenye kufuli. Sheria inataka hivyo, na mtutu unataka hivyo.

Kalenda yako

Kiangazi kikiisha na kambi zikifungwa, fanya uchunguzi. Januari nenda kwa OCD. Februari thibitisha fundi na utume vipimo. Machi oda iwe imeshalipiwa. Mwanzoni mwa Mei raifo iwe kwa fundi. Mwezi wa Juni uwe wa shabaha tu.

Kabla ya kulipa, soma oda kwa sauti: kaliba, msokoto, urefu, unene sehemu tatu, hesi, kizuizi cha teke, vilengeo, kishikio cha mkanda, aina ya chuma, muhuri, namba ya kibali. Kikikosekana kimoja, usibonyeze kutuma. Piga simu, uliza, jaza. Oda iliyokamilika huokoa msimu mzima.